Masaa Munane Tu, Papa

Karuba, siku moja kabla hujaondoka

Sifa mwanangu,

Mmeshuka na mama yako kuaga majirani, na nyumba imebaki na mimi na kuku. Nimekaa kwenye meza yako ya shule, ileile uliyoichora jina lako kwa kisu ukachapwa kwa ajili yake, nikuandikie yale ambayo jana yalinikwama mdomoni. Mambo ya sweta, ya pasipoti na ya mtu wa kukupokea, mama yako ameyasema mpaka na kuku wanayajua. Mimi nataka kukueleza kwa nini jana nilisimama nikatoka nje na sahani yangu haijaguswa.

Ulikuwa umenionyesha simu. Upande huu uwanja wa ndege wa Kigali, upande ule uwanja wa Bruseli, na katikati mstari ulionyooka kama uzi wa mwashi. Chini yake pameandikwa kilometa elfu sita na ushee, halafu muda wa ndege. Ukaniambia, "Papa, ona. Njo masaa munane tu. Kukitokea kitu, niko nakuya mbiyo." Ukacheka, maana ulidhani umenipa dawa.

Ulidhani nimekasirika kwa sababu unaondoka. Sivyo. Nani wa hapa anaweza kumlaumu mtoto kwa kuondoka? Nilikasirika kwa sababu maneno hayo nimekwisha kuyasikia, karibu yaleyale, kutoka kwa mtu ambaye wiki hii utalala nyumbani kwake.

Baba yako mdogo Deo ni ndugu yangu wa tumbo moja, na tangu kilio cha babu yako hatujasemeshana. Hilo unalijua. Mipango yote ya safari yako imepita kwa mama yako na kwa mke wa Deo, mimi nikijifanya natengeneza mpini wa jembe, kumbe nasikia kila neno. Usilolijua ni sababu. Watu wamekwambia ni shamba. Huku Masisi kila ugomvi wa ndugu unaitwa shamba, kwa kuwa shamba linaeleweka na hakuna anayeuliza zaidi. Sisi hatukugombania shamba. Tuligombania masaa manane.

Nianzie mbali kidogo, univumilie. Unanikumbuka nikiwa shofere wa lori, ingawa wewe unakumbuka zaidi kutapika kutoka Sake hadi Mushaki na kuniambia ni kosa la kona. Lile lori, Fuso, lilikuwa la mfanyabiashara wa Butembo. Tulipakia chumvi, sabuni na bia Goma, tukapita hapa Masisi, tukashuka mpaka Walikale, tukarudi na mafuta ya mawese na ndizi. Kwenye simu yako Goma na Walikale zinafunikwa na kidole kimoja. Mimi barabara hiyo nimewahi kuikalia mpaka mwezi ukaisha, gari limezama tope hadi kwenye mlango, tunapika chini ya bodi, tunaoga mtoni, abiria wengine wamekata tamaa wameondoka kwa miguu. Mwanamke mmoja alipanda kwangu na mimba akateremka na mtoto mgongoni. Alimpa mtoto jina langu. Sikujua nishukuru au nione haya.

Kwa hiyo mashofere wa njia ile tulikuwa na sheria, na mtu hakukufundisha, ulizomewa mpaka ukaijua. Shofere wa Walikale hasemi saa ya kufika. Abiria akiuliza, "Shofere, tutafika lini?" jibu ni moja: "Tuko mu njia." Patro, mwenye gari, akipiga simu anafoka, "Uko wapi? Mizigo itafika siku gani?" jibu ni lilelile: "Patro, tuko mu njia." Wageni walidhani ni ushirikina, au jeuri. Mimi mwenyewe nilipoanza niliwacheka wazee. Halafu nikaelewa. Ukimtajia saa mtu anayekungoja, unamfunga kamba. Anaacha kulima ili asikukose. Anapika chakula kinachacha. Anamwambia mgonjwa avumilie, dawa iko njiani, itafika Jumamosi. Wewe uliye kwenye tope unajua huwezi, lakini yeye ana neno lako mkononi na hana kingine.

Na sheria ya pili: ukisikia mwenzako amekwama, unamfuata na kamba. Humuulizi amezamaje. Ukimaliza kumvuta, hapo ndipo unamtukana mpaka uchoke.

Sheria hizo mbili nilizishika miaka yote niliyoshika usukani. Nilizivunja zote mbili katika kilio cha baba yangu mwenyewe.

Utauliza, mtu wa tope kama mimi ilikuwaje nikaamini namba ya ndege. Nitakwambia. Kule Walikale kuna kipande cha barabara ya lami ambapo ndege ndogo zilikuwa zinatua, barabarani kabisa. Wanajeshi wanasimamisha magari, mnaambiwa mkae kando, ndege inashuka, inapakia mawe ya madini, inaruka. Siku moja tulikuwa na mgonjwa kwenye gari, mzee mwenye tumbo lililovimba, amelala juu ya magunia. Nilimwomba mtu aliyekuwa anasimamia upakiaji, nikamwita kaka, nikamwita papa, nikakaribia kumwita mama. Akasema, "Ndege imeshajaa." Kweli ilikuwa imejaa. Mawe yalikuwa yamekaa vizuri, yamefungwa mikanda. Yakapita juu ya vichwa vyetu, na kabla maharagwe yetu hayajaiva chini ya gari, nadhani yalikuwa yameshafika Goma yanapokelewa. Yule mzee tulikwenda naye kwa tope. Hakufika.

Nililaani siku ile, na bado nalaani. Lakini pamoja na laana nikabaki na imani ya kijinga: ndege haina tope. Nikajiambia, hawa wa juu ndio peke yao wanaoweza kusema saa na ikawa.

Basi babu yako akafa. Alilala baada ya kuvuna maharagwe, hakuamka. Kifo chema, kama kipo. Wewe tulikuwa tumekupeleka Kirolirwe kwa wazazi wa mama yako, ndiyo maana hukuona kitu, na namshukuru Mungu kwa hilo. Nikampigia Deo. Akalia, nikalia, halafu akasema, "Kaka, musimuzike bila mimi. Kutoka huku mupaka Kigali njo masaa munane tu. Kesho kutwa niko hapo."

Nilipaswa kunyamaza. Badala yake nikasimama katikati ya uwanja, kilima kizima kimekaa, nikatangaza. Nikataja siku. Nikataja mpaka saa. Nilikuwa na majivuno, Sifa, mbele ya maiti ya baba yangu nilikuwa na majivuno kwamba kitinda mimba wetu anatoka Ulaya kwa ndege kuja kumzika. Papa Hangi, jirani yetu, ambaye zamani aliendesha njia ile kabla yangu, akaniuliza, "We shofere, njo wewe uko nasema saa?" Watu wakacheka kidogo, kama watu wanavyocheka kilioni. Nikamjibu, "Papa Hangi, hii si Fuso. Hii ni ndege." Akasema, "Muntu akishakufa hangojeaki ndege."

Sasa sikia lililo chungu. Ndege haikusema uongo. Deo alipanda, ikaruka, ikatua Kigali kama alivyosema. Akavuka mpaka akaingia Goma siku ileile niliyoitangaza. Kutoka Goma hadi hapa kwetu, siku njema, mtu wa pikipiki anakuja na kurudi akiwa na wakati wa kunywa kikombe cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Lakini usiku ule mapigano yalianza, na barabara ikafungwa pale Sake. Kilometa elfu sita alizimaliza amekaa, analetewa chai. Zile chache zilizobaki ndizo zilizomshinda.

Akapiga simu. "Kaka, muningojee. Kesho watafungua." Kesho yake hawakufungua. Nikawaambia watu, anakuja, yuko Goma tayari, si mbali. Maharagwe ya kilio yakaisha. Wanawake wakaanza kusema shamba langu, ng'ombe wangu, wakaondoka mmoja mmoja. Shangazi yako akasema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo," akaenda kukata matawi ya mikaratusi tukayatandika ndani, tukayachoma na mengine, kwa sababu ya harufu. Hapa hatuna nyumba ya kuhifadhi maiti, unajua. Nitaishia hapo kuhusu harufu. Alikuwa baba yangu, mtu aliyekuwa ananawa hata kabla ya kwenda shambani.

Papa Hangi akanijia nyuma ya nyumba. "Asiyekuwepo na lake halipo. Tuzike muntu wetu." Nikasema, "Nimeshawaambia watu atafika." Angalia nilichokuwa nakitetea, mwanangu. Si Deo, wala si baba. Nilitetea neno langu.

Halafu milio ikasogea kutoka upande wa Rubaya, na watu wakaanza kupita na magodoro kichwani. Nikawaambia wachimbe. Tukamzika tukiwa wanaume wachache na shangazi yako, mvua inanyesha, jeneza halijakauka rangi. Mtu aliyefundisha nusu ya kilima hiki kuimba kanisani alizikwa bila wimbo hata mmoja. Tuliogopa kusikika.

Kwetu kila mtoto anamwagia mzazi udongo kwa mkono wake. Asiyefika, fungu lake linawekwa kando ya kaburi, rundo dogo, ili akija aumwage mwenyewe. Nilimwekea Deo fungu lake. Nililiweka kwa hasira, kama unavyomtupia mtu sahani.

Jioni ile akapiga tena. Nakumbuka kila neno, ningependa nisikumbuke. "Kaka, niko Sake. Naona milima ya kwetu. Wamekatala tusipite." Nikamwambia, "Tumeshazika. We ulikuya kutembelea Goma. Rudia Ulaya yako." Nikakata. Likizo yake ya kazi ikaisha, akarudi. Ndege ikamchukua tena kwa masaa yake manane, bila kuchelewa.

Usinielewe vibaya. Sikuandikii ili nijipige kifua na kumtakasa Deo. Bado nina hasira naye. Wale mama wanaobeba viazi walikuwa wanapita Sake siku hizohizo kwa njia ya mguu, mzigo umefungwa kwenye paji la uso, mtoto juu ya mzigo. Deo alikuwa na viatu vizuri. Angalipita kama angalitaka kufa kidogo kwa ajili ya baba. Hayo nimeyasema peke yangu shambani mara nyingi, na kila mara natafuta kosa ndani ya maneno hayo silioni.

Lakini kuna jingine ambalo nalo ni kweli. Ile njia ya mguu mimi naijua. Naijua kwa giza na kwa mvua, nimepita humo mara nyingi gari likiwa limekufa. Deo aliondoka hapa mdogo, hakuijua. Ndugu yangu alikuwa amekwama Sake, anaitazama milima ya kwao, na mimi, shofere wa Walikale, mtu ambaye amewahi kutembea kutwa nzima na kamba begani kwenda kumvuta mtu asiyemjua jina, nilikaa hapa kwenye kiti namngoja atimize saa niliyomtajia mimi. Sikuwaza hata mara moja kushuka kumfuata. Nilikuwa namhesabia saa.

Ndiyo maana jana nilitoka nje.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja, na ni kigumu kuliko unavyodhani. Usiniahidi masaa manane. Kesho motari atakuja na pikipiki yake, utapita vizuizi vya watu ambao sisi wenyewe hatujui watakuwa nani kesho, uwanja wa ndege wa Goma umefungwa na utavuka mpaka kwa miguu ukiburuta sanduku, na ukifika Kigali ndipo ule mstari wa simu yako utaanza. Unaona ulipoanzia? Hauanzii Karuba. Aliyeuchora hakuwa na mtu Karuba. Na siku ya kurudi itakuwa hivyohivyo, ila nyuma mbele, pamoja na karatasi, na kazi, na bosi wa kizungu asiyejua kwamba mtu anaweza kuwa na baba.

Nikipiga simu nikuulize utakuja lini, maana nitauliza, najijua, nijibu kama shofere. Sema, "Papa, niko mu njia." Hata kama wakati huo unaosha vyombo na theluji iko dirishani. Sitakuita mwongo. Nitaelewa kwamba hujazima gari, na hilo linanitosha.

Na nikifa, watanizika siku ileile. Nimeshamwambia mama yako, akanitukana. Nimeshamwambia Papa Hangi, naye akasema, "Njo vizuri," akaendelea kula. Hakuna atakayesimama uwanjani kutaja saa yako. Hutakaa kwenye kizuizi cha Sake ukipigiwa simu kwamba watu wanaziba pua kwa ajili yako. Utalia huko uliko, utakula, utalala, asubuhi utakwenda kazini. Itakuwa vibaya, nakwambia mapema. Lakini utakuwa huna deni la mtu aliyekungoja.

Naijua roho yako. Sasa hivi unalia, unasema papa ana maneno makali. Ninayo. Nimekaa nayo muda mrefu bila mtu wa kumpa, na wewe ndiye unayekwenda upande ule.

Deo atakuuliza habari zangu. Hataanza siku ya kwanza, ni mtu wa haya kama babu yako. Atakuuliza kwanza habari za mvua, habari za ng'ombe, kama ile njia ya kisimani bado ipo. Usimwambie nimemsamehe, maana sina hakika. Usimwambie nina hasira, hilo analijua. Mwambie udongo wake bado upo.

Atashangaa. Siku ya kumaliza kilio rundo la asiyefika husawazishwa, ndiyo kawaida, na wazee walikuja na jembe. Niliwazuia. Nikasema liache, kila anayepita aone ni nani hakuja. Lilikuwa neno baya, na nililisema kwa sauti. Lakini rundo la udongo si mnara, Sifa. Mvua za kwetu unazijua. Mbuzi nao hawaheshimu kitu. Mvua moja kubwa tu, na lilikuwa karibu kwisha, na mimi ningeweza kuliacha liishe, mambo yakaisha nalo.

Nikachukua jembe nikalipandisha. Na mwaka uliofuata tena. Kila mvua zikianza nakwenda kule, nakusanya udongo uliotelemka, naurudisha mahali pake, natoa majani. Mama yako anasema ni chuki, kwamba nalima chuki kama mtu anavyolima viazi. Kwa miaka mingi nami nilidhani hivyohivyo.

Leo asubuhi, mlipokuwa mnafunga sanduku na kunitafuta nilete kamba, nilikuwa kule. Nimelisafisha vizuri. Udongo wenyewe unatosha mikono miwili ya mtu mzima. Mwambie Deo hivyo. Na akitaka kunipigia, apige, simu yangu namba ni ileile. Ila asinitajie siku, wala saa, wala ndege. Akifika Sake na barabara imefungwa, aseme tu yuko njiani. Nitashuka kumfuata.

Nasikia sauti ya mama yako chini, mnapanda. Naifunga hapa.

Ni mimi baba yako, shofere.